Wafipa Hatuogelei

Kwenye bwawa la ndani ninakoogelea siku hizi, hapa Dar, harufu ya dawa ya maji inakupokea mlangoni kabla hujavua viatu. Ni bwawa lenye paa, vigae vya bluu, taa nyeupe, na maji ya uvuguvugu ambayo hayajawahi kuona jua wala ng'ombe. Wenzangu kazini wamegawanyika kwa sababu yake. Wapo wanaolisifia kwamba halina mawimbi, halina miba, na halikusubirishi mpaka maji yajae. Wapo wanaosema kukaa pwani halafu kujifungia ndani na maji ya dawa ni ushamba mtupu, bahari ipo Kigamboni, panda kivuko ukaoge na watu. Mimi naenda kote kote. Nikikuta bahari imekupwa, natembea mpaka nachoka na maji hayajafika magotini, basi kesho yake narudi bwawani.

Mwezi uliopita mwalimu wa kuogelea, kijana mwenye filimbi shingoni, alinitazama nikimaliza upande mmoja akaja kuchuchumaa ukingoni.

"Dada, samahani. Mbona unaogelea kama unalima?"

"Ndivyo nilivyojifunza," nikamjibu.

"Wapi huko?"

"Sumbawanga."

Alicheka mpaka filimbi ikamrukaruka kifuani. "Sumbawanga! Kumbe na nyinyi mnaogelea? Mimi nilijua mnasafiri kwa ungo tu."

Wanawake wawili waliokuwa karibu wakacheka naye. Utani huo wa uchawi nimeusikia tangu siku niliyoshuka kwenye basi hapa mjini, na majibu ninayo ya kila aina, makali na ya kuchekesha. Siku ile nilizama tu, nikaogelea kwa mikono yangu ya kulima mpaka mwisho wa bwawa, na nilipoinua kichwa, katikati ya ile harufu ya dawa, nilisikia harufu ya mavi ya ng'ombe. Niliisikia kabisa, mbichi, ya asubuhi, na nikajikuta natabasamu peke yangu.

Kwa hiyo niseme nilikojifunzia, ili wa rika langu waliokulia nchi kavu kama mimi wajue si peke yao. Na mapema kabisa: habari ya kichocho naijua, nimepimwa, niko salama, hakuna haja ya kuniandikia.

Nyumbani kwetu ni Kizwite, pale pale Sumbawanga mjini, lakini shamba lilikuwa kijijini Mpui, na likizo zote tulizimalizia huko. Baba alikuwa katekista. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na viatu vyake vilipigwa rangi hata siku ya kwenda shambani. Kuhusu maji alikuwa na sentensi moja tu, na aliitoa kila tulipovuka kijito: "Wafipa hatuogelei. Wafipa tunalima." Aliisema kama amri ya kumi na moja, iliyosahaulika kuandikwa kwenye lile jiwe.

Mimi nilimwelewa kwa akili ya mtoto. Nilidhani kuogelea ni kiungo. Nilidhani watu wengine huzaliwa nacho, mahali fulani mwilini, na sisi Mungu alitunyima akatupa jembe. Nikioga kwenye beseni nilijikagua kwapani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole vya miguu, nikitafuta pale ambapo kitu hicho kilipaswa kuwepo. Sikumwuliza mtu yeyote. Kuna maswali mtoto hayaulizi, hasa akihisi jibu litamtia aibu yeye na ukoo mzima.

Karibu na shamba letu kulikuwa na bwawa, kijito kilichozibwa kwa udongo zamani, na karibu na bwawa walikuwa wamehamia Wasukuma. Familia moja tu, lakini ng'ombe wao ukiwatazama wakitoka bomani unasahau ulichotumwa. Walikuwa wametoka Geita, kandokando ya ziwa kubwa la huko. Watu wetu waliwatazama kwa jicho la pembeni, maana ng'ombe hajui mpaka wa shamba, na ulezi ukishakanyagwa hauinuki tena. Mwaka ule wazee wa kijiji na wazee wao walikaa, wakakubaliana kwamba mpaka ulezi wote uingie ghalani, hakuna ng'ombe kupita njia ya mashamba. Malisho yalikuwa ng'ambo ya bwawa, na njia ya kuzunguka ilipita katikati ya ulezi wetu. Wasukuma hawakubishana. Njia ilipofungwa, waliwapitisha ng'ombe majini.

Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilikuwa nimetumwa kuchota maji. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na asiyeijua baridi ya Ufipa mwezi huo simlaumu, ila asibishane nami. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na meno yanagongana. Ghafla nikaona pembe zinakuja juu ya maji. Pembe, pua, macho makubwa yasiyo na wasiwasi. Nyuma ya ng'ombe wa mwisho palikuwa na msichana wa umri wangu, kaushika mkia wake kwa mkono mmoja, gauni lake kalifunga kichwani kama kilemba, anavutwa huku anatafuna kitu. Alipita mbele yangu akitafuna. Nilisahau ndoo.

Anaitwa Minza. Aliporudi jioni na ng'ombe wake nilikuwa nimerudi pale pale namsubiri, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza wa upande wetu kumsemesha.

"Nionyeshe miguu yako," nikamwambia. Hata salamu sikutoa.

Akanionyesha. Nikavitenganisha vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa vidole kama vyangu, vyenye magaga na matope.

"Unatafuta nini?"

"Kile cha kuogelea."

Minza akaanza kucheka, akaangukia nyasi, akaendelea kucheka huku amelala. "Hakuna kitu hapo," alisema alipopata pumzi. "Kuna mkia tu."

Sijui niseme nini kuhusu sentensi hiyo ili mwelewe ilivyonifanya. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikijiona kilema, na sasa msichana mwenye gauni kichwani ananiambia sikukosa kitu. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia Mungu, nikakasirikia hata beseni.

Kesho yake nilishika mkia. Minza alinichagulia ng'ombe jike mzee, mpole, mwenye pembe moja iliyopinda. "Usishike kwa vidole, shika kwa kiganja," aliniambia. "Usimvute. Yeye ndiye anayekuvuta. Akianza kuelea, na wewe lala. Ukimwachia, shauri yako." Maji yalinipanda kiunoni, yakanikata pumzi kwa ubaridi, kisha ardhi ikaondoka. Nilipiga yowe. Ng'ombe hakujali. Alinivuta mpaka ng'ambo, nikatoka natetemeka, natiririka tope, nanuka, na jambo la kwanza nililosema ni kwamba nataka kurudi tena.

Ikawa kazi yangu ya kila asubuhi. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kuokota kuni, na kuni niliokota kweli, nikiwa nimeshaloa na kukauka. Baada ya mkia, Minza alianza kuniachisha. Tukifika karibu na ukingo ananiambia niachie, nimalizie mwenyewe. "Vuta maji uje nayo," alielekeza. Sasa mwambie mtoto wa Kifipa avute kitu aje nacho. Sisi tunalima kwa matuta ya mviringo, unakwangua nyasi na udongo kutoka mbali, unavileta kwako, nyasi unazifukia chini zioze. Mikono yangu ilikuwa inajua kuvuta namna moja tu. Nikainama juu ya maji nikayakwangua, nikayaleta kifuani, nikayafukia chini ya tumbo.

Mama yake Minza, aliyekuwa amekuja kuteka maji, aliweka ndoo chini akashika kiuno. "Jamani, njooni muone! Huyu Mfipa anapiga matuta bwawani!"

"Shikamoo mama," nikasema, maji yakaniingia mdomoni.

"Marahaba. Endelea kulima, mwanangu. Mbona unakwenda!"

Na kweli nilikuwa nakwenda. Nilipotazama chini ya miguu palikuwa hapana kitu, na nilikuwa juu. Nilifurahi mpaka nikaiogopa furaha yenyewe. Mpaka leo walimu wa filimbi wanajaribu kuninyoosha mikono na mimi nakataa. Mikono hii ndiyo iliyonivusha, sina sababu ya kuibadilisha kwa ajili ya kumpendeza mtu.

Aliyenigundua ni mama. Alikuwa ananisuka nywele, akasimama katikati ya mstari, akaninusa kichwa.

"Wewe Skola. Unanuka ng'ombe. Sisi hatuna ng'ombe."

Alimaliza kunisuka, taratibu, halafu akaenda kumwambia baba. Baba aliniita sebuleni. Hakunichapa, na ningeona afadhali angenichapa. Alinipigisha magoti mbele ya msalaba wa ukutani, akasema, "Utaahidi hapa, mbele ya Bwana, kwamba hutaingia tena majini. Wafipa hatuogelei. Sijui unataka kumwonyesha nani."

Nilifunga mdomo. Alirudia. Nikaendelea kuufunga. Nilikuwa mtoto mtiifu kuliko wote nyumbani, wa kwanza kuamka kwenda misa, na nilijishangaa kuona mdomo wangu haufunguki. Lakini ningeahidi nini? Nilijua jambo ambalo baba hakulijua, kwamba mwili wangu haukukosa kitu. Kuahidi ingekuwa kukubali kwamba umekosa. Nilikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi, mpaka mama akaingia na kusema chakula kinapoa.

Adhabu yangu ilipangwa iwe Kasanga. Parokia ilikuwa na safari, watoto wote waliopata Komunyo ya kwanza wateremshwe Ziwa Tanganyika kwa lori, wakasali huko, wale samaki, warudi. Nilikuwa nimeisubiri safari hiyo kuliko Krismasi. Baba alisema sitakwenda. Mama akasema mtoto akibaki peke yake watu watauliza, na jibu utalitoa wewe katekista. Baba akafikiri. "Atakwenda," alisema, "lakini atakaa juu ya jiwe mpaka tunaondoka." Nikajua basi: ama niogelee ziwani siku ile mbele ya watu wote, ama nikubali maisha yangu yote kukaa juu ya jiwe.

Tuliteremka ule mteremko tunaimba. Kadiri tulivyoshuka ndivyo tulivyovua masweta, na ziwa lilipotokea kona moja hivi, nyimbo zikakatika zenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maji yanaweza kuwa mengi mpaka hayana ng'ambo. Pale ufukweni wanawake walikuwa wanaanika dagaa mchangani, wanawageuza kwa mafagio, na harufu yake ilikuwa nzito na ya chumvi. Baba aliwasalimia, akauliza kama mahali ni salama.

"Salama, katekista. Mamba hawafiki hapa," mmoja akamjibu. "Ila watoto wasipite pale maji yanapogeuka rangi. Pale chini hakuna chini."

Baada ya sala na samaki baba akapiga makofi. "Wavulana, mnaweza kuoga. Wasichana mtakaa hapa mtunze viatu."

Wavulana wakakimbia. Niliwatazama. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Waliingia mpaka magotini, wakarushiana maji, wakaogopa wimbi dogo, wakarudi wakipiga kelele, wakaingia tena. Na sisi wasichana tumekaa juu ya jiwe kubwa, tumezungukwa na kandambili na raba za watu wengine, tunatunza. Kutunza nini? Nani angeiba raba ya mguu mmoja iliyotoboka? Wasiojua wameruhusiwa, na anayejua amepewa viatu avilinde.

Nikavua vyangu, nikaviweka na vile vingine. Nikatembea kupita katikati ya wavulana, sikukimbia, nikaendelea mpaka ardhi ikaniacha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, safi, naona mikono yangu yote miwili ikikwangua na kuleta. Nilivuka pale rangi inapogeuka. Nyuma yangu kelele za wavulana zikazimika.

"Skola! Toka majini!"

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama pale maji yanapolamba mchanga, viatu vyake vinang'aa.

"Sitoki."

"Nasema toka majini!"

"Njoo unitoe."

Hata wanawake wa dagaa waliacha kufagia. Wenzangu juu ya jiwe walijiziba midomo. Hakuna mtoto wa Mpui wala wa Kizwite aliyewahi kumjibu mzazi hivyo, tena katekista, tena mbele ya parokia.

Najua mnachosubiri. Mtu wa umri wetu akifika hapa kwenye kumbukumbu zake hushusha sauti, akasema utoto ulikuwa umemzidi, akaomba radhi. Mimi siombi. Nimezeeka kiasi cha kuwa na watoto wanaonijibu, na bado nasema lilikuwa jibu zuri. Mtu aliyeniambia siwezi alikuwa amesimama nchi kavu, na mimi nilikuwa ndani ya kile alichosema siwezi. Ningetoka, ningekuwa nimemsaidia kudanganya.

Baba akaja. Aliingia na viatu, na suruali yake ya Jumapili, na kofia kichwani. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Alikuwa ananitazama mimi tu, kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona, au ndivyo nilivyodhani. Sasa alikuwa karibu, naona midomo yake inatetemeka, na ndipo nilipotambua kwamba ile haikuwa hasira. Baba alikuwa anaogopa, na alikuwa anakuja hivyo hivyo.

Na pale aliposimama palikuwa mwisho wa rangi.

"Baba, usiongeze hatua."

"Hunifundishi—" alisema, akaongeza.

Ikabaki kofia. Ilielea peke yake, imekaa vizuri, kama bado iko kichwani kwa mtu. Kisha mkono mmoja ukatoka, ukapotea. Minza alikuwa ameniambia ndama akichoka katikati ya bwawa usimwendee mbele, atakupanda. Mwendee nyuma, umsukume. Nikakwangua maji haraka kuliko siku zote, nikamzunguka, nikamwekea viganja vyote viwili mgongoni, nikasukuma kwa miguu na kichwa na kila nilichokuwa nacho. Hakuwa mbali na pa kukanyagia. Mgongo wake ukaondoka mikononi mwangu, ukapanda, na alipopata mchanga chini ya viatu alisimama, akakohoa, akatapika maji, akashika magoti.

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza sauti yake kubwa haikuwepo.

"Rudi nchi kavu, baba," nikamwambia. "Mimi nipo."

Akarudi. Sijawahi kumwamuru baba yangu jambo lingine katika maisha yangu, na hilo moja alilitii. Alitembea taratibu, anatiririka maji, akapita kati ya wavulana waliosimama bila kupumua, akaenda kukaa juu ya lile jiwe. Wasichana wakamwachia nafasi. Nilikuwa bado majini nilipomwona mmoja wao anavua kandambili na kuziweka pembeni ya baba, kwa adabu, kwa mikono miwili. Akateremka. Akafuata mwingine. Baba alikaa na viatu vyote vile vimemzunguka, akawatazama wakiingia mpaka magotini, mpaka mapajani, wanashikana mikono, wanapiga kelele kwa furaha. Niliwasogelea nikawaonyesha namna ya kulala juu ya maji.

Kwenye lori alikaa mbele na dereva. Njia nzima ya kupanda hatukuimba. Tulifika nyumbani jua linazama, na mama alitupokea uani. Alinitazama mimi, nywele zangu zimelowa, akafungua mdomo kunigombeza. Kisha akamwona baba. Akatazama suruali, akatazama viatu vilivyopauka kwa mchanga.

"Hii imekuwaje, baba Skola?"

Baba alikaa kizingitini akaanza kufungua kamba za viatu, zilizovimba kwa maji.

"Nilikwenda kumtoa mtoto majini."

"Ukamtoa?"

Alihangaika na fundo, likakataa. Nikapiga magoti mbele yake nikalifungua mimi. Aliniacha nifungue.

"Hapana," alimwambia mama. "Yeye ndiye aliyenitoa."